Simu ya Boksi

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa bado yanaanguka, yale mepesi ya kulowesha nywele bila kulowesha nguo, na jua lilikuwa likichungulia kama mtu asiye na uhakika kama amealikwa. Katika chumba cha mbele, mama na binti yake walikuwa wameketi mezani. Katikati yao, kando ya vikombe vya chai, ilikuwepo simu iliyotengenezwa kwa boksi.

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nyumbani na mtaani waliomjua walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Simu aliitengeneza yeye. Alichukua boksi la viatu, akabandika juu yake vifuniko vya soda kumi na viwili, safu tatu za vinne vinne, na kila kifuniko akakipaka rangi yake. Mkono wa simu ulikuwa mwiko mfupi wa jikoni.

"Grii, grii," alisema Chiriku, akiwa ameibana pua yake.

Mama aliuweka mwiko sikioni. "Habari za asubuhi. Kampuni ya pampu na visima hapa. Nikusaidie nini?"

"Namtaka fundi mkuu haraka. Mbuzi wangu ametumbukia kisimani na hataki kutoka, anasema huku chini kuna ubaridi."

Mama aliuma midomo asicheke. "Pole sana, mteja. Fundi mkuu yuko karakana. Subiri kidogo nikuegeshe." Kidole chake kilikwenda safu ya mwisho, kifuniko cha tatu, bila kuangalia. "Fundi mkuu, simu yako iko namba moja."

Kuegesha simu ndiyo kazi iliyompendeza Chiriku kuliko zote. Mafundi wa kampuni ile hawakai mezani. Mara wako chini ya gari, mara wamejifungia na pampu iliyofunguliwa vipande vipande. Kwa hiyo mpokezi huiegesha simu ya mteja kama mtu anavyoegesha gari, namba moja, mbili au tatu, kisha hutangaza kwenye spika ya karakana. Fundi huiendea simu yoyote iliyo karibu naye, hubonyeza namba hiyo, na mteja huwa yupo, anamngoja.

"Safu ya mwisho una uhakika nayo, mwanangu?" mama aliuliza. "Maana hiyo ndiyo yenye mambo."

"Nilibonyeza kimoja kimoja, mama," Chiriku alijibu, akaanza kukusanya vikombe ambavyo chai yake ilikuwa haijaisha.

Mama aliitazama saa, akafumba macho, akaweka kiganja juu ya boksi. "Ee Mungu, miaka sita nimeifuta vumbi simu ile. Leo nijalie niipokee. Nisimwache mtu yeyote hewani. Amina." Alichukua mwavuli na mkoba wake, akatoka akitembea kwa haraka kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Na kweli ilikuwa siku yake ya kwanza. Kwa miaka sita alikuwa msafishaji wa ofisi hiyo. Kwa miaka miwili, kila jioni baada ya kazi, alikwenda darasa la watu wazima, akakaa kwenye dawati dogo magoti yakigusa ubao wa chini, mpaka akapata cheti. Mpokezi wa zamani, mama mmoja mzee ambaye watu wote walimwita Bibi Halo, alipotangaza kwamba anastaafu, mama alijipa moyo akaomba nafasi. Meneja alimpa wiki moja ya majaribio. Akiweza, kazi ni yake. Akishindwa, anarudi kwenye ufagio.

Tatizo lilikuwa muda. Mama alifagia mpaka siku ya mwisho ya Bibi Halo, na walikaa pamoja mara mbili tu, wakati wa chakula cha mchana. Walipitia kupokea na kuhamisha. Kuegesha hawakukufikia. Ndipo mama alipomtuma Chiriku apite pale baada ya shule, ainakili simu nzima, ili afanye mazoezi nyumbani.

Safu mbili za kwanza Chiriku aliziandika vizuri. Alama za safu ya tatu zilikuwa zimefutika. "Mama yako huyo na kitambaa chake," Bibi Halo alicheka. "Amesugua mpaka herufi. Hii usiikisie, mjukuu wangu. Bonyeza kitufe, soma neno kwenye kile kioo kidogo, andika. Kisha kingine." Lakini nje ya dirisha rafiki zake walikuwa wanamwita kwa miluzi, kamba ya kuruka ikiwa tayari mikononi. Bibi Halo alipogeuka kupokea mgeni, Chiriku aliandika mwenyewe: subirisha, hamisha, egesha, kata. Aliona ni mpangilio wenye akili. Akakimbia.

Tangu siku ile kidonda kidogo kilikuwa kinamkereketa moyoni, naye alikuwa akikifunika kwa maneno mengi.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, kwa hiyo Chiriku alibaki kupanga nyumba. Alipoliinua boksi afute meza, alikuta chini yake miwani ya mama ya kusomea. Alivaa viatu, akatoka mbio.

Saa nne kasoro alikuwa mlangoni mwa mapokezi, na mara moja alihisi mambo si mazuri. Meneja, mtu mpole mwenye tai iliyokaa upande siku zote, alikuwa amesimama mikono kifuani. Fundi mkuu, mwanamke mrefu wa ovaroli ya bluu, alikuwa anajifuta grisi kwa kipande cha gazeti. Nyuma ya dawati mama alikuwa ameketi wima, na jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mara ya kwanza nimekimbia," fundi mkuu alikuwa akisema. "Nimebonyeza namba moja, kimya. Mara ya pili nimekimbia zaidi, kimya. Mama Chiriku, hiyo namba moja umeniegeshea nani, malaika?"

Simu ililia kabla mama hajajibu. Aliinua mkono wa simu, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Habari za asubuhi. Ndiyo, muuguzi mkuu. Nakuomba radhi sana. Fundi mkuu yupo hapa hapa, lakini karatasi za pampu yenu ziko karakana. Ngoja nikuegeshe aende akazungumze nawe huko."

Fundi mkuu alitoka mbio. Mama alipeleka kidole safu ya mwisho, kitufe cha tatu, akabonyeza. Chiriku alikuwa amefika kando ya dawati, na macho yake yaliangukia kile kioo kidogo. Neno moja liliwaka pale, likazimika: KATA.

Kutoka karakana ikaja sauti ya fundi mkuu, ya mtu aliyechoka: "Kimya tena."

Simu ya mkononi ya meneja ikaita. Aliipokea, akaisogeza mbali kidogo na sikio. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya alikuwa anaongea kwa sauti ya kusikika chumba kizima. Pampu yao ilikuwa imesimama tangu jana. Matangi yalikuwa matupu, wagonjwa walikuwa wamelala, na yeye alikuwa amekatiwa simu mara tatu na watu wanaojiita mafundi wa maji. Angepiga mara moja zaidi, baada ya hapo angetafuta kampuni nyingine.

Meneja alishusha simu. "Mama," alisema taratibu, "nilikuambia ni majaribio. Kuna binti mwingine aliyeomba. Anaweza kuanza hata kesho."

"Sijui nakosea wapi, bosi," mama alisema. Alishusha macho. "Nafanya kama nilivyofanya nyumbani. Labda ni kichwa changu. Kichwa cha ukubwani ni kizito. Nimekariri vibaya."

Chiriku alikuwa ameishika miwani mkononi. Alikuwa na njia rahisi: ampe mama miwani yake, na kufumba na kufumbua mama angesoma kioo mwenyewe. Angedhani kweli alikariri vibaya. Boksi lilikuwa nyumbani, na hakuna ambaye angelikagua. Lakini mama alikuwa amekaa pale akilaumu kichwa chake, kile kile alichokipeleka darasani kila jioni miaka miwili, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Chiriku alisogea mbele ya dawati. Aliomba moyoni, ombi fupi kuliko yote aliyowahi kuomba: Mungu, nisaidie niseme.

"Mama hajakosea," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaikaza. "Mimi ndiye niliyekosea. Bibi Halo aliniambia nibonyeze kila kitufe nisome. Sikubonyeza. Nilikisia, nikaenda kuruka kamba. Halafu nikamwambia mama nimeviangalia vyote. Cha tatu siyo kuegesha, ni kukata. Mama amekariri vizuri kabisa. Amekariri uongo wangu."

Fundi mkuu alikuwa amerudi na kusimama mlangoni. "Kwa hiyo," alisema, "asubuhi nzima nimekuwa nakimbizwa na vifuniko vya soda."

Meneja alikohoa kuficha kicheko. Mama hakucheka, wala hakufoka. Alinyoosha mkono, akapokea miwani, akaivaa, akamtazama binti yake kwa muda uliomtosha Chiriku kutamani sakafu ipasuke.

"Tutazungumza," mama alisema. "Kwanza maji ya wagonjwa. Bosi, naomba dakika mbili. Fundi mkuu, nipigie kwa simu yako ya mkononi, nijaribu."

Fundi mkuu alipiga. Mama alipokea, akabonyeza kitufe cha nne, kile alichokariri kuwa cha kukata, akasoma kioo kwa sauti: "Egesha. Namba moja." Meneja aliinua simu nyingine iliyokuwa ukutani, akabonyeza moja. "Halo?"

"Halo, bosi," alijibu fundi mkuu akiwa hatua tatu kutoka kwake. "Tai yako imekaa upande."

Bado walikuwa wanacheka pale simu ilipolia. Mama alivuta pumzi. "Muuguzi mkuu, shikamoo. Nimekukata mara tatu leo, na kosa ni la kwetu, siyo la mitambo. Safari hii hukatiki." Kitufe cha nne. Kioo: EGESHA. Kisha kwenye spika: "Fundi mkuu, simu yako iko namba moja." Taa nyingine mbili ziliwaka kabla hajashusha mkono. Mteja mmoja alitafuta bei ya mabomba, mama akamhamishia ghala. Wa pili alimtaka meneja, na taa ya meneja ilikuwa nyekundu kwa kuwa alikuwa amerudi ofisini kwake na anaongea, mama akamsubirisha, akimrudia kila baada ya muda kumwambia hajasahauliwa. Kutoka karakana walisikia sauti ya fundi mkuu: "Ndiyo, muuguzi mkuu, nakusikia vizuri. Inatoa mlio gani?" Dakika kumi baadaye gari la mafundi lilitoka getini.

Saa kumi jioni muuguzi mkuu alipiga tena. Matangi yalikuwa yanajaa. Alitaka kumsalimia, alisema, "yule mama asiyekata simu."

Meneja aliweka kikombe cha chai mbele ya mama. "Wiki haijaisha," alisema, "lakini ule ufagio nadhani tuutafutie mwenyewe mwingine."

Simu ikalia. "Simu yangu haijambo?" aliuliza Bibi Halo, na mama akabonyeza kitufe cha sauti ili wote wamsikie. Fundi mkuu, ambaye alikuwa amerudi na tope hadi magotini, alimsimulia mkasa wote, na kila aliposimulia aliongeza kasi aliyokimbia nayo.

Bibi Halo alicheka mpaka akakohoa. Halafu mama aligeuza kiti chake, akamwelekea Chiriku.

"Mwanangu, kuchoka siyo dhambi, wala kutamani kuruka kamba siyo dhambi. Siku ile ungerudi ukaniambia, 'Mama, safu ya mwisho sikuimaliza,' mimi ningeimaliza asubuhi yake kabla ya kufagia. Kazi ya dakika tano. Kazi isiyokwisha mtu anaweza kuimalizia. Lakini ukisema imekwisha na haijakwisha, unamfungia mlango anayetaka kuimalizia. Wagonjwa wale wamekaa bila maji asubuhi nzima kwa dakika tano zako." Akamshika bega. "Na leo umesema kweli mbele ya watu, huku ukijua itakuaibisha. Hilo nimeliona, na Mungu ameliona."

"Basi aweke ahadi," alisema Bibi Halo kwenye simu. "Na mimi niwe shahidi."

"Mashahidi wako wengi," mama alisema, akamwonyesha kitufe cha matangazo, kile kilichopeleka sauti kwenye spika ya karakana nzima. "Sema hapa."

Chiriku aliinama. Kabla ya kufungua kinywa, alibonyeza, akasoma kioo: TANGAZO. Alisoma tena kuhakikisha. Nje, nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine, na mafundi wakainua vichwa kusikiliza sauti ya mtoto iliyojaa ua mzima.

"Shikamooni. Mimi ni Chiriku. Naahidi mbele ya mama yangu, na meneja, na fundi mkuu, na Bibi Halo, na ninyi nyote mliopo. Nikitumwa kazi, nitaimaliza. Na siku nitakayoshindwa kuimaliza, nitasema sijaimaliza."