Matundu Manane ya Mnara

Ukitaja Sumbawanga ukiwa mikoa mingine, watu wanacheka na kukuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Nasi tunacheka nao, tumeshazoea. Lakini yaliyompata jirani yangu Rahel hayakuhusu ungo wala fisi wa wachawi, na kila ninapoyasimulia kicheko hunikauka. Yaliyomo humu ameniambia mwenyewe, tumekaa jikoni kwake, na alipofika sehemu fulani alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwaka 2023. Asubuhi alifua, akaanika, akapika maharage. Upepo wa Julai huku juu hauna adabu, unampita mtu koti na kumshika mifupa, na siku hiyo ulikuwa ukivuma tangu alfajiri. Saa sita Rahel akajifunga shuka kiunoni, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaenda kanisani kwao, nje kidogo ya mji, barabara ya Namanyere. Yeye ndiye mpiga kinanda. Kesho yake kanisa lilikuwa linatimiza miaka sabini, na wageni wangetoka mpaka Kipili.

Waprotestanti huku ni wachache. Ufipa ni ya Wakatoliki, hilo halina ubishi. Lakini kanisa lao hilo dogo kila mpita njia hulikodolea macho, maana halifanani na kanisa jingine lolote. Aliyelijenga alikuwa mmisionari wa Kizungu, mchora ramani za majengo, ambaye kanisa la kwao lilibomolewa kwa mabomu wakati wa vita. Alikuja huku na masanduku ya mabomba ya kinanda kikubwa cha kulia kwa upepo, aliyoyaokota kwenye kifusi. Basi katika kutembea porini akayaona yale matanuri ya zamani ya Wafipa ya kuyeyushia chuma, marefu kupita mtu, mapana chini na membamba juu. Akayapenda. Akamwendea fundi mmoja wa matanuri, mzee aliyekuwa ameshaacha kazi hiyo, akamwomba amjengee mnara wa kanisa wa umbo lile lile.

Mzee alikubali kwa sharti moja. Tanuri letu, alisema, huhesabiwa kuwa mwanamke, na mwanamke huyo anavuta pumzi kwa matundu ya miguuni. Matundu yawepo manane, kuzunguka chini ya ukuta, na yasizibwe. Mmisionari akaona ni njia nzuri tu ya kupitisha hewa. Ndani ya mnara akakifunga kinanda chake, na mivukuto ya ngozi ya kukipa upepo aliyoishona mzee huyo huyo. Kwa miaka sabini matundu yakakaa wazi, na kwa miaka sabini waumini wakaganda miguu kila Julai.

Aliyeyaziba ni Gaudensi, mume wa Rahel. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii, kwa sababu Gaudensi ni fundi mwashi, na yule mzee wa matanuri alikuwa babu yake mzaa baba.

Alijua, alijua vizuri sana. Lakini Gaudensi alizaliwa Mkatoliki, akahamia kwa Waprotestanti ili amwoe Rahel, na miaka minane baadaye baadhi ya wazee wa kanisa walikuwa bado wanamtazama kwa jicho la pembeni, kwamba huyu ni mtoto wa waganga wa matanuri. Kamati ya akina mama ilipolalamika kuhusu baridi, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Nitayaziba mimi, alisema, na kwa mkono wangu. Alitaka waone kwamba mambo ya babu ameyaacha. Rahel alimpenda kwa hilo. Ananiambia mpaka leo kwamba siku ile alijisikia fahari.

Basi alipofika kanisani, Gaudensi alikuwa analainisha saruji ya tundu la mwisho, lile la nyuma ya kinanda. Ndani kulikuwa na joto, kwa mara ya kwanza.

"Unaona?" mumewe akasema, amejaa vumbi mpaka kope. "Kesho hata wewe utavua shuka."

Mlangoni alikuwa amesimama mzee Adolfu, baba mdogo wa Gaudensi, ameegemea baiskeli yenye gunia la ulezi aliokuwa anawaletea. Rahel akamwamkia shikamoo. Mzee alikuwa anatazama ukuta.

"Umeyaziba yote?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Yote manane, baba mdogo."

"Hata moja hukuliacha?"

"Karibu ndani uote joto," Gaudensi akasema na kucheka. "Au kanisa la Waprotestanti linauma?"

Mzee hakuvuka kizingiti. Akamgeukia Rahel, akamnong'oneza kama anayeogopa kusikiwa na jengo lenyewe. "Mama, leo kinanda usipige. Usimwamshe mwanamke huyu wa mnara. Mwache mumeo ayafungue matundu kwanza."

Rahel alicheka kwa heshima. Atafanyaje asifanye mazoezi, na kesho ndiyo sikukuu? Kwa vile mumewe alikuwa anatazama, alijua akimsikiliza mzee atakuwa amemwaibisha. Akapanda kwenye kinanda.

Wa kuvuta mivukuto alikuwa Christopha, mtu mzima wa makamo, mpole, mwenye kifua kipana, ambaye kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake. Mivukuto inasukumwa kwa mpini mrefu wa mti, juu na chini, pembeni mwa kinanda. Christopha akatema mate viganjani, akaushika.

Rahel akaweka vidole, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Masikio yakamziba, kama gari linapoteremka mteremko wa kwenda ziwani. Mlango wa kanisa ukajifunga kwa kishindo. Kisha kinanda kikalia, sauti nene, nzito kuliko aliyowahi kuisikia, na benchi likatetemeka chini yake. Akashtuka, akainua mikono yote miwili.

Sauti haikukoma.

"Rahel," Christopha akanong'ona. "Mimi nimeacha kuvuta."

Akageuka. Christopha alikuwa amesimama na mikono kifuani. Mpini ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Halafu ukaenda mbio.

Ulimpiga Christopha chini ya kidevu. Taya likavunjika, Rahel akalisikia. Meno yakaruka, mawili yakaanguka juu ya vitufe. Christopha akayumba kwa nyuma, lakini hakuanguka. Kuna kitu kilimvuta, akaburutwa kwa kisigino mpaka nyuma ya kinanda, akabanwa mgongo kwenye ukuta na mdomo wazi mbele ya mivukuto. Akataka kupiga kelele. Pumzi ikamtoka yote, ikaingia humo ndani. Mivukuto ikajaa.

Kisha ikavuta tena, na kifua chake kikazama.

Ubavu wa kwanza ulivunjika, na bomba moja likaitika. Ukavunjika wa pili, bomba la pili likaitika juu yake. Wa tatu. Damu ilimtoka puani na haikudondoka chini, ilinyooka hewani, nyembamba, ikaelekea mivukutoni. Macho yake yalikuwa kwa Rahel muda wote.

Madirisha yakapasuka kuelekea ndani. Vioo vikamkata Rahel mashavuni na mikononi. Alijaribu kuvuta hewa akakuta hakuna ya kuvuta. Upepo wote wa madirishani ulikuwa unapita juu ya kichwa chake kwenda kwenye mabomba, na kinanda kilikuwa bado kinataka.

"Matundu!" Gaudensi akapiga kelele. Alikuwa ameupiga mlango bega mara tatu, haukutikisika. Akachukua nyundo yake kubwa, akauendea ukuta. Saruji ya mapema ilikuwa imeshakauka, lakini alipiga kama mtu anayepigania roho yake, na ndicho alichokuwa anakifanya. Tundu la kwanza likafunguka. La pili. Sauti ikashuka kidogo, Rahel akapata hewa ya kujaza nusu ya kifua.

Hapo ndipo kilipomkumbuka Gaudensi.

Nyundo ikamponyoka. Akaanguka kifudifudi, akaanza kuburutwa sakafuni kuelekea kinanda. Alishika mguu wa benchi, benchi likaja naye. Akashika ufa wa sakafu kwa kucha, kucha zikabaki palepale. Mdomo wake ulikuwa wazi na shingo imevimba mishipa. Rahel alimwona mumewe anageuka rangi ya jivu.

Rahel si mwanamke mkubwa. Aliiokota nyundo ile, na hajui mpaka leo aliiinuaje. Akapiga tundu la tatu mpaka kiganja kikachubuka. La nne. Kutoka nje akasikia mtu anapiga pia, jembe la kukorogea saruji likigonga ukuta, mzee Adolfu amezunguka nyuma. La tano lilifunguliwa na mzee, la sita na Rahel, la saba na mzee tena. Kupitia tundu hilo akaona jicho la mzee na mdomo wake uliojaa vumbi.

"Yote, mama," mzee akanong'ona. "Asibaki na hata moja lililozibwa. Akibaki na moja atamaliza wote."

Tundu la nane lilikuwa nyuma ya kinanda. Mbele yake alikuwa amebanwa Christopha.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umebandikwa juu ya saruji, kiganja kimefunika tundu lote. Rahel aliuvuta. Ukang'ang'ania kama uliopigiliwa misumari. Akauvuta kwa nguvu zake zote, bega likateguka, mkono haukutoka. Nyuma yake Gaudensi alikuwa ameshafika kwenye mivukuto. Alisikia ubavu wa mumewe ukivunjika, mmoja, na bomba likaitika.

Akainua nyundo.

Kwa askari aliyeandika maelezo, Rahel alisema Christopha alikuwa ameshakufa. Mchungaji naye akaambiwa hivyo hivyo, na mjane wa Christopha pia. Mimi peke yangu aliniambia, jikoni, amenishika mkono, kwamba kope zake zilikuwa zinacheza. Kwamba alitikisa kichwa. Kidogo sana, akimwomba asipige.

Alipiga mara nne. Mara ya kwanza vidole, mara ya pili mfupa wa kiganja. Ya tatu na ya nne ilikuwa saruji, na vyote vilikwenda nje pamoja.

Kinanda kikanyamaza. Upepo wa Julai ukaingia kwa matundu yote manane, mkali, wenye harufu ya nyasi kavu, na Rahel akaanguka juu ya mumewe, akamkumbatia na kulia kwa sauti kama mtoto. Gaudensi alikohoa. Alikuwa hai. Duniani hapakuwa na furaha kubwa kuliko ile, na aliisikia huku damu ya Christopha ikimtambaa magotini.

Christopha alizikwa Jumatatu, sanduku limefungwa. Watu wakakubaliana kwamba dhoruba iliangusha madirisha na kuupiga mpini, mambo ya mashine mbovu. Kanisa likafungwa kwa komeo. Gaudensi alilala hospitali siku tatu. Wakamfunga mbavu, wakampiga picha, wakamruhusu arudi nyumbani. Rahel alimchinjia jogoo, akamnywesha mchuzi kwa kijiko, akapiga magoti akashukuru. Amemlipia, alijiambia. Kwa bei mbaya, lakini mume yupo.

Asubuhi ya nne tangu mumewe arudi, Rahel alitoka nje mapema kukoka moto. Baridi ilikuwa kali, umande umekuwa mweupe juu ya majani, na kama ilivyo kwetu majira hayo, kila chenye uhai kilikuwa kinatoa moshi mdomoni. Mbuzi kambani alikuwa anatoa. Jirani aliyepita na ndoo alikuwa anatoa, akasalimia ndani ya wingu lake. Rahel akapuliza kuni, moshi wake mwenyewe ukatangulia ule wa moto.

Gaudensi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anaota jua changa. Alikuwa anaongea, anauliza kama chai ina maziwa. Midomo ilikuwa inacheza vizuri, na sauti ilikuwa yake. Mbele ya midomo hiyo hapakuwa na kitu. Hewa ilikuwa safi.

Rahel akasogea. Akachuchumaa mbele yake, akaweka kiganja chini ya pua yake. Akahesabu mpaka ishirini, mpaka hamsini.

"Mbona unanitazama hivyo?" Gaudensi akauliza, kwa upole.

Akataka kumjibu. Akafungua mdomo, na moshi wa pumzi yake ukatoka. Upepo siku hiyo ulikuwa umetulia kabisa. Moshi haukupanda. Ulinyooka, mwembamba, ukavuka ile nafasi ndogo iliyokuwa kati yao, ukaingia mdomoni mwa mumewe. Naye akafumba macho, kama mtu aliyepewa maji.

Hajamwacha. Nilimuuliza, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Anampikia, anamfulia, anamwita baba Anjela kama zamani. Ila binti yao Anjela amempeleka kwa dada yake aliyeko Kabwe, na mbuzi hawafugi tena, maana walikuwa hawamalizi wiki. Wanalala kitanda kimoja, yeye amempa mgongo. Na ukipita barabara ya Namanyere mwezi wa saba, wakati sisi wote tumejifungia na kuziba nyufa kwa matambara, utaiona nyumba yao, haina mlango wala kioo dirishani hata kimoja, na pazia zote zinapepea kuelekea ndani.