Kilichoshika Ndoana ya Badi

Siku ile Bi Kulthum wa Mishomoroni alikuwa barazani akipeta mchele, na jua, baada ya kujificha siku nyingi, lilikuwa limetoka linakausha matope ya uani. Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino. Upepo ulikuwa umeezua mapaa mpaka Mjambere, minazi imelala chini kama walevi, na huko Shanzu mawimbi yalivuka mwamba yakaja kuguguna kuta za hoteli. Sasa kulikuwa kumetulia. Ndani, binti yake Salme alijinyoosha kitandani, mimba imeingia mwezi wa tisa, ya kwanza baada ya miaka ya dawa na dua. Bi Kulthum hakuwa na haja nyingine duniani. Alitaka mtoto yule atoke salama, basi.

"Salme! Mumeo yuko wapi?"

"Abee mama. Ameenda Shanzu na fimbo yake."

Bi Kulthum akaweka ungo chini.

Badi! Badi alikuwa mwanamume wa miwani. Miwani nyeusi, jua liwepo lisiwepo, na hata msikitini angeingia nayo kama si kumwogopa imamu. Alikuwa akiwauzia watalii vinyago na maneno, maneno zaidi kuliko vinyago, na watalii walipokimbia fujo za siasa za mwaka ule akabaki na maneno peke yake, nayo hayapikiki. Kuna Mjerumani alimwachia fimbo ya kuvulia, ile yenye gurudumu la kukunjia mshipi, na tangu siku hiyo Badi akawa mvuvi. Mvuvi! Mtu asiyejua kumpara samaki, akichomwa na mwiba anaita mke. Alipita mtaani na fimbo begani kama askari wa gwaride, na wazee wanaosimama ufukweni kurusha mishipi kwa mkono aliwaita washamba.

Na alikuwa ameambiwa. Jana aliambiwa, na juzi aliambiwa: bahari ikichafuka, mume wa mwanamke mzito hatii chambo majini mpaka maji yarudi rangi yake. Badi alicheka mpaka miwani ikateleza puani.

"Mama, hayo ni mambo ya enzi za kaniki. Dhoruba ndiyo inayoleta samaki! Inafukua mchanga, inatoa kaa na minyoo, kolekole wanakuja kula hapa, hapa magotini. Mjerumani kanifundisha."

"Na kulea mimba kakufundisha Mjerumani?" Bi Kulthum alimwuliza, akaenda zake jikoni. Hakudhani mtu anaweza kuwa mjinga kwa ukamilifu ule.

Basi akajifunga buibui, akamwita mkunga, Nyamvula, aje akae na Salme, akatoka kwenda kumrudisha bwana mvuvi.

Shanzu alasiri ile ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yamejaa, mwani umerundikana ufukweni umeanza kunuka, na mawimbi bado yanapasuka kwa uvivu kama yaliyochoka kuharibu. Mzee Ngumbao, aliyevulia ufuko ule tangu ujana, alikuwa ameketi kwenye gogo anakunja mshipi wake. Kikapu chake kilijaa chaa. Kuhusu samaki, Badi hakukosea. Hata mjinga hupatia mara moja.

"Mbona waondoka, na samaki wamejaa hapa, mzee?" Bi Kulthum alimwuliza.

Ngumbao hakumtazama. Alielekeza kidevu majini.

Badi alikuwa amesimama maji yakimfika magotini, suruali kaikunja, miwani usoni, fimbo imepinda kama upinde. Alikuwa akizungusha gurudumu lake na kupiga kelele. "Mwaona? Mwaona washamba nyie? Mkubwa huyu, wallahi! Ngumbao, nenda kapande mihogo!"

"Kashika kitu," Ngumbao alinong'ona. "Muda mrefu sasa. Kizito. Na hakipigi."

"Hakipigi vipi?"

"Samaki hupiga, bibi. Huvuta, hukimbia huku na huku. Hata papa. Kile kinakuja tu." Akatia mshipi kikapuni. "Nimemwambia akate. Kanitukana. Mkewe ni mzito, sivyo?"

Bi Kulthum alianza kuvua viatu.

"Bahari ikipinduliwa hutoa vya chini vyote," mzee akasema. "Samaki, na vinginevyo. Kuna vinavyotaka kuzaliwa. Vinatafuta ndoana ya mwenye mke mzito. Akikifikisha mchangani, kimepata njia."

Gurudumu likajaa. Badi akaitupa fimbo mchangani, akaanza kuvuta kwa mikono, akirudi nyuma kidogo kidogo hadi ufukweni. Mshipi ukarundikana miguuni pake. Ukafika magotini. Gurudumu lile halikuwahi kuwa na mshipi kama ule. Badi hakuona. Mtu anayejisifu haoni.

"Badi! Kata!"

"Mama, nenda kakaange vitunguu, samaki yuaja!"

Bi Kulthum alisogea. Akaugusa mshipi ule unaotoka baharini.

Ulikuwa mkavu.

Mkavu, na wenye joto. Na ulikuwa ukidunda. Taratibu. Kama shingo ya ndege ukiishika.

Wimbi likapasuka. Katika povu palikuwa na kitu kimesimama. Kidogo. Kimo cha ndoo. Wimbi la pili likakipiga. Hakikutikisika. Kikasogea hatua moja.

"Namwona!" Badi alipiga kelele. "Namwona, kolekole!"

Bi Kulthum alimpokonya Ngumbao kisu cha chambo. Badi akamsukuma kwa kiwiko. Bi Kulthum akamrudia. Badi akasema neno ambalo mkwe hamwambii mkwe. Bi Kulthum akakata.

Mshipi haukuruka. Ulilegea tu. Ile ncha ya upande wa bahari ikalala mchangani kidogo, halafu ikaanza kutambaa. Haikurudi majini. Ilipita kando ya miguu yake, ikapanda ufuko, ikaingia vichakani, kuelekea bara.

Povu lilikuwa tupu.

"Umenipotezea samaki," Badi akasema, karibu kulia.

Bi Kulthum alikimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja mkononi.

Alipofika nyumbani, Nyamvula alikuwa mlangoni, uso umesawijika. Salme amejifungua. Mtoto wa kiume, mzima, analia vizuri. Salme mzima.

"Alhamdulillahi."

"Alitoka bila uchungu," Nyamvula akanong'ona. "Kama aliyevutwa. Nikachukua wembe nikate kitovu. Kimeshakatwa, bibi. Kimeshafungwa." Akafungua kanga. Kitovu kilikuwa kimefungwa kwa nailoni ya mshipi wa kuvulia.

Badi alirudi baada ya isha, amepitia kwenye vijiwe vyote. Mpaka kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba alishika kolekole mkubwa kama mbuzi, na mama mkwe akamkatia mshipi kwa wivu. Alipoambiwa amepata mwana, aliuliza kama mtoto amefanana naye. Bi Kulthum alimtazama kama mtu anavyotazama kilichokanyagwa. 

Mtoto alinyonya, alinona, alicheka usingizini. Bi Kulthum alianza kupata usingizi tena.

Siku ya saba alitia maji ya kisima katika beseni jipya, maji safi, akaliweka sakafuni. Akaketi kwenye kigoda, mtoto mapajani, anacheka, bado ndani ya kanga, hajalowa hata kidole. Akainama apime joto la maji kwa kiwiko.

Chini ya maji, ndani ya beseni, kulikuwa na mchanga mweupe, umetanda laini. Hapa Mishomoroni hakuna mchanga mweupe.

Na juu ya mchanga, unyayo. Vidole vitano, kisigino, vyote wazi. Haukuwa wa kichanga. Ulikuwa wa mtoto anayetembea, wa kimo cha ndoo.

Mtoto mapajani akaacha kucheka, akayatazama maji.