Hewa Ndani ya Bomba

Kila asubuhi Fortunata aliamka kabla ya mama yake mdogo, akafagia uwanja, akabandika uji wa ulezi, kisha akavaa sweta na kutoka mtaa wa Izia kwenda chuoni kwa miguu. Upepo wa Sumbawanga ulimpiga usoni, lakini hakuusikia sana. Tangu mama yake alipofariki kule kijijini kwao Kaoze wakati wa mavuno, mambo mengi alikuwa hayasikii. Msibani hakulia. Watu walimsifu kwamba ni jasiri. Yeye alijua haukuwa ujasiri. Ndani yake palikuwa kimya tu, kama nyumba iliyohamwa.

Alikuwa mwaka wa kwanza, akisomea uhandisi wa maji. Mwanzoni mambo yalikwenda, kwa sababu mwalimu aliandika ubaoni na wanafunzi wakanakili. Mkono uliandika, kichwa kikapumzika. Kisha akaja Mwalimu Kulsumu, akaagiza meza zigeuzwe na wanafunzi wakae watatu watatu wakitazamana.

"Kila mmoja atasoma sehemu yake, halafu awafundishe wenzake mpaka waelewe," alisema. "Mimi nitapita nikiuliza maswali. Mwisho wa mwezi tutakwenda kulaza bomba kutoka chemchemi hadi shule ya msingi ya kijiji cha jirani. Wenyeji wameshachimba mtaro. Kundi litakalofaulu jaribio la hapa uwanjani ndilo litakaloongoza kazi."

Fortunata alipangwa na Amin, ambaye baba yake alikuwa na malori mjini, na Sharon, msichana mpole aliyependa kuuliza. Amin alichukua mteremko, Sharon akachukua unene wa bomba. Fortunata akapewa hewa: inakwamaje ndani ya bomba, na inatolewaje.

Hakusoma. Alifungua kitabu jioni, macho yakapita juu ya maneno, akakifunga. Hakuona aibu wala hofu.

"Mambo, Fortu! Sehemu yako vipi?" Amin alimuuliza siku ya kufundishana.

"Poa. Nimeelewa."

"Tufundishe basi," alisema Sharon.

"Ni rahisi tu. Maji yakija, hewa inatoka yenyewe."

Wakamwamini.

Siku ya jaribio waliweka pipa la maji juu ya jukwaa, wakatandaza bomba jeusi uwanjani. Walilipitisha juu ya mirundo miwili ya matofali, kwa kuwa hata kule kijijini ardhi ilipanda na kushuka. Mwisho wake wakaweka ndoo. Amin akafungua koki. Maji yakachuruzika kidogo, yakakatika.

Amin akakagua mteremko. Ulikuwa sawa. Sharon akakagua bomba. Halikuziba. Makundi mengine yakaanza kuwatazama.

"Fortu, una hakika na ile sehemu yako?" Amin aliuliza kwa ukali. "Watu wamechimba mtaro kwa majembe! Kesho tukapeleke bomba lisilotoa maji?"

Fortunata aliitazama ndoo tupu. Angeweza kusema tena kwamba ameelewa, maana maneno hayo yalikuwa mepesi mdomoni mwake. Lakini wenzake walikuwa wakimsubiri.

"Sikusoma," alisema. "Nilisema nimeelewa ili mniache."

"Kwa nini?" Amin akashangaa.

"Sijui. Mama alifariki. Tangu hapo kitu hakiingii."

Mwalimu Kulsumu, aliyekuwa nyuma yao, hakugomba wala hakutoa jibu. Aliuliza tu, "Sasa kundi lenu litafanyaje?"

Sharon akachuchumaa. "Njoo, Fortu. Shika bomba, utuambie unachosikia."

Fortunata akapitisha kiganja kuanzia kwenye pipa. Bomba lilikuwa baridi. Alipofika juu ya rundo la kwanza, akasita, akarudisha mkono, akapeleka tena.

"Hapa pana joto. Jua limelipasha."

"Na kule kwenye baridi kuna nini?" Sharon aliuliza.

"Maji." Akarudisha kiganja penye joto. "Basi hapa hakuna maji. Hapa kuna hewa! Imekaa juu, haina pa kutokea, inayazuia maji."

"Tulitoboe!" alisema Amin, akakimbilia msumari.

Walipotoboa, hewa ikatoka kwa mluzi, kisha maji yakamrukia Fortunata usoni. Yalikuwa ya baridi kweli. Akashtuka, akapiga kelele, na kule mwisho ndoo ikaanza kujaa. Usiku ule alikisoma kitabu, na penye sentensi ngumu alimpigia Sharon simu.

Mwisho wa mwezi kundi lao ndilo lililoongoza kazi kijijini, wakaweka koki za kutolea hewa kila mahali bomba lilipopanda. Fortunata ndiye aliyewaeleza wenyeji jinsi ya kuzifungua. Mama mmoja wa makamo akakinga ndoo ya kwanza na kusema, "Asante, mwanangu." Hapo machozi yakamtoka Fortunata. Sharon akamshika mkono. Amin, asijue la kufanya, akamletea kikombe cha maji.

Mwalimu Kulsumu alingoja mpaka Fortunata akatulia.

"Pole, mwanangu. Msiba si kosa," alimwambia. "Kosa lilikuwa kusema umeelewa. Ukinakili ubaoni unaweza kujificha, na hasara ni yako peke yako. Katika kundi, wenzako wanajenga juu ya neno lako, na watu watakunywa walichojenga. Siku usipoweza, sema huwezi. Wenzako wamewekwa hapo kwa ajili ya siku hiyo."