Saa za Mwaka Aliozaliwa Eladio

Nilikuwepo mwenyewe Havana, asikudanganye mtu. Rafiki yangu Eladio alikusanya saa za mkono zilizotengenezwa mwaka aliozaliwa, akiamini ya mwisho ikisimama, naye atakata roho. Spea hazipatikani, kwa hiyo alizichinja nyingine zote kuiponya moja. Siku moja nayo ikasimama. Tukakimbilia kwa fundi Anselmo, Eladio kifua kikimbana.

“Ifufue, kaka, nakufa!”

“Mzee mzima unalilia saa? Lete niifungue.”

Umeme ukakatika. Gizani tukasikia: tik, tik, tik.

“Imepona!” Eladio akalia.

“Imepona wapi?” fundi akanong'ona. “Mashine nimeshaitoa, ninayo mkononi. Imekufa.”

Eladio amelivaa lile ganda la saa mpaka leo, halivui hata akioga.

Chumvi nimetia mahali pamoja tu: umeme haukukatika. Taa ilikuwa inawaka, na sote tulikuwa tunalitazama ganda tupu likigonga.