Kisima cha Kumi na Moja

Kila Jumamosi asubuhi nilimsaidia mama kupima visima. Mama ni mtaalamu wa maji. Huchora ramani ya mahali palipo na maji chini ya ardhi katika bonde lote la mto wetu. Kazi yangu ilikuwa kuteremsha utepe wenye kipande cha chuma, kusikiliza "chubwi!", kisha kuandika kina daftarini. Nilijivuna mno, nikajipa jina la Injinia na kuwashurutisha wenzangu waniite hivyo.

Jumamosi moja mama alikwenda visima vya bondeni, akaniachia vitatu vya mlimani. Viwili nilivipima. Cha kumi na moja kilikuwa kwa fundi cherehani, juu kabisa, na jua lilikuwa kali. Nikaketi kivulini, nikaandika: mita sita, kama cha jirani yake. Nani angejua?

Jumatatu baada ya masomo nilimpitia mama ofisini. Alikuwa akipanga ramani ndani ya kompyuta, moja juu ya nyingine: ya miamba, ya miteremko, ya mvua, na ya visima vyetu. Kilele cha mlima kikageuka buluu.

"Injinia, njoo uone!" aliita. "Maji yako karibu sana huku. Kesho mtambo unakuja kuchimba hapo kisima cha shule yenu. Tumepewa hicho kimoja tu."

Nilikumbuka ndoo tunazobeba kutoka mtoni kila siku.

"Mama, kile cha fundi... sikukipima."

Mama akachukua utepe. "Twende."

Kwa fundi, utepe ulishuka, ukashuka, mpaka mita thelathini na moja.

"Si mngeniuliza tu!" fundi alicheka. "Kamba yangu ya ndoo naiunga kila mwaka, maji yanazidi kushuka!"

Mama aliingiza namba mpya. Buluu ikatoka mlimani, ikabaki nyuma ya goli la uwanja wetu wa shule.

Kesho yake mtambo ulichimba hapo. Maji yaliporuka, shule nzima ilipiga kelele. Mama akanikunjulia ramani. Chini, penye majina ya wapimaji, alikuwa ameandika: Injinia.

"Hata baada ya kudanganya?" niliuliza.

"Njia ya mwongo ni fupi, na wewe uligeuka mapema. Kompyuta hupaka rangi lolote tunaloiambia, binti yangu. Ukweli inaupata kwetu. Kupima kisima anaweza yeyote. Kusema 'sikupima' kunataka moyo. Najivunia wewe."

Siku hiyo wenzangu waliniita Injinia bila kushurutishwa.