Joho Lisilopunguzwa

Hamjambo, jamaa zangu. Nyamazeni kidogo, na aliye karibu na mlango auegeshe tu, asiufunge.

Fundi cherehani wa halmashauri ya mji mkuu alikuwa mwanamke, na meya mpya alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mfupi, nyumbani wakimwita Kipande. Siku ya kuapishwa, joho la meya lilifagia sakafu mpaka madiwani wakacheka. Naye akacheka. Akamwambia dada yake alipunguze, lisije likamwangusha kabla hajakikalia kiti. Fundi akampima mkono: inchi ishirini na moja. Kazi zikamzonga, joho likabaki msumarini.

Mwezi wa tatu tangu kiapo akalikumbuka. Alipolishusha lilikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi, na linanuka udongo uliolowa. Kipande alikuwa hajafika kazini.

Alipofika akamvalisha. Mikono ya joho ikamkaa sawasawa. Akampima mkono tena: ishirini na sita.

Akafungua daftari lake la vipimo. Mameya watatu waliopita, mmoja mnene, mmoja mrefu kama mlingoti, mmoja wa wastani, kila mmoja alianza na kipimo chake, na kila mmoja mwezi wa tatu alikuwa ishirini na sita, na kila mara yeye fundi alidhani alikosea mwanzo, akakata namba ya zamani, akaandika mpya, akalirudisha joho bila kulitia mkasi, hata pale wake zao walipokuja mmoja mmoja kulalamika kwamba baba watoto hajui tena majina ya watoto.

Akachukua mkasi, akapiga magoti, akalishika pindo. Kitambaa kikatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi.

“Acha,” ikasema sauti juu yake, taratibu. “Linanitosha.”

Sauti hiyo alishaisikia kwa watu watatu.

“Kipande,” akanong'ona, “mimi ni nani wako?”

Meya akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mwananchi aliyekuja kulalamikia maji.

“Wewe si fundi?”

Fundi hakulia. Alitafuta mahali pa kulilia ndani yake, hakupaona. Akaweka mkasi mezani, daftarini akakata ishirini na moja, akaandika ishirini na sita, kisha akamfunga meya vifungo.

Mimi, jamaa zangu, natoka, nitarudi. Ila nikirudi nipimeni kwanza, hapo hapo mlangoni.