Kamba ya Haro Madow

Kamba ilivutwa mara moja. Guleid alikuwa amepiga magoti kwenye matope, maji yamempita kichwa kwa dhiraa moja tu, akaivuta mara moja kujibu, kama alivyofundishwa asubuhi ile. Alipotoka alivua miwani ya mpira, akatema kipumulio, akasema, "Nimekujibu, mwalimu."

Elkanah alikuwa ameketi juu ya sanduku, kiatu kimoja mkononi, akikung'uta mchanga. Kamba alikuwa ameifunga kwenye kisiki cha mgunga.

"Umenijibu nini? Mimi bado sijakuuliza."

Walitazamana. Guleid aliwaza kwamba mtu wa bara anamfanyia mzaha. Elkanah naye aliwaza kwamba kijana wa Kisomali ameanza uongo siku ya kwanza. Wala siwalaumu. Mwaka ule wa sitini na sita, huku kwetu, nani alimwamini nani? Hata kuku walitazamwa kama wanapeleka habari msituni.

Nieleze jambo lilivyokuwa. Haro Madow ni ziwa lililoachwa na mto Tana ulipohama njia, upande wa Bura. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa, na ukitia mkono hadi kiwiko huvioni tena vidole vyako. Miezi mitano nyuma, usiku wa mafuriko, lori la serikali lenye mahindi na bunduki mbili lilipotea kwenye tuta la ziwa hilo. Dereva alikuwa Sugow, kaka yake Guleid. Wakubwa wakasema Sugow amewapelekea shifta, wale waasi wa msituni, lile lori. Baba yao, Mzee Yarrow, akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mama yao, Timiro, alikwenda mara sita kwenye ofisi ya afisa wa usalama, na mara sita aliambiwa maneno yale yale: leteni bunduki, mzee atoke.

Guleid aliamini lori limo ziwani. Hakuna aliyemsikiliza mpaka alipokuja Elkanah, mzamiaji wa bandari ya Mombasa, ametumwa na serikali, pamoja na mitungi yake ya hewa, kutazama chini kwa siku tano. Siku ya kwanza tu sikio la Elkanah lilitoka damu. Hakuweza kuzama tena. Guleid akasema, "Nifundishe mimi."

"Wewe mchunga ngamia utaweza maji?"

"Nimevusha mbuzi mto Tana tangu utotoni. Nifundishe."

Elkanah alimfundisha, ila moyoni alijiuliza kwa nini mtu ana haraka hivyo ya kufika kwenye bunduki. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila alipomfunga kamba kiunoni alimpapasa kidogo, na Guleid alijua anapapaswa.

Kwenye maji yasiyoonekana kitu, mzamiaji huongea kwa kamba. Mvuto mmoja kutoka juu ni swali: uko salama? Anayezama hujibu kwa mvuto mmoja: niko salama. Mivuto mitatu ni kilio: nitoe. "Kila swali lijibiwe papo hapo," Elkanah alisema. "Bandarini asiyejibu huwa amekufa."

Jioni ile Guleid alimweleza mama yake. Timiro aliacha kukoroga uji.

"Akuite mara moja, na wewe ujibu mara moja?"

"Ndiyo sheria ya kazi, hooyo."

"Sheria ya nani? Mimi nilikufundisha nini?"

Kwao Guleid mtoto hufundishwa jambo hili kabla hajajua kuvaa nguo. Ukiitwa jina mara moja, nyamaza. Mara mbili, nyamaza. Ya tatu ndipo uitike. Mwenye damu akiwa na haja nawe ataita mara tatu. Jini huita mara moja kisha hungoja, na ukimwitikia umempa ruhusa. Guleid alilishika fundisho hilo kuliko ndugu zake wote. Shuleni alichapwa viboko muhula mzima, kwa kuwa mwalimu alisoma jina lake mara moja na yeye akakaa kimya, akaandikwa hayupo ilhali ameketi kiti cha mbele. Watu walimcheka sana. Lakini chini ya maji alisahau, kwa kuwa ile haikuwa sauti. Alidhani mwiko ni wa masikio, haugusi mikono.

"Ilivutwa mara moja, mwalimu hajaigusa kamba," Timiro alisema polepole. "Nawe ukajibu."

"Labda ni samaki, hooyo."

"Labda," Timiro alisema. Hakukoroga uji tena, ukaungua.

Siku ya pili Guleid alishuka kwenye kina cha watu watatu. Alimwomba Elkanah wabadilishe, swali liwe mivuto mitatu. Elkanah alikataa kabisa. Mitatu ni kilio cha kifo, mtu hachezei hesabu hiyo, tena alitaka kujua ni nani aliyemshauri. Guleid akatia kipumulio kinywani badala ya kujibu, na hilo likazidisha shaka.

Chini kulikuwa na giza la kahawia, na saa nne ya asubuhi ilikuwa huko juu kwa wengine. Alitambaa akipapasa matope. Ghafla hewa ya mtungi ikabadilika ladha. Ilikuwa hewa kavu yenye harufu ya mpira, sasa ikaanza kunukia uunsi, ule udi wanaouchoma wanawake nyumbani nguo zikifukizwa kwa harusi, na harufu ikamjaa puani na kooni, tamu, nzito, kama kwamba mtu aliyejifukiza ameinama akampulizia kinywani. Aliivuta kamba mara tatu. Elkanah alimtoa, akanusa kipumulio, akasema ni mpira tu.

"Lakini leo umejibu vizuri," akaongeza. "Nimekuuliza mara nane, umejibu mara nane."

Guleid aliacha kufungua kamba kiunoni. "Mimi nimejibu mara mbili. Sikuulizwa zaidi ya mara mbili."

Elkanah aliokota fimbo. Kisha aliteremka kwenye majani ya ukingoni, akayapiga nayo akitafuta mtu aliyejificha. Hakupata mtu. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Kijana, kama una mwenzako humu, niambie sasa. Mchezo huu utakuua. Mwingine akikujibia, mimi huku nitadhani uko salama."

"Wallahi sina mtu."

"Basi ni nani?"

Siku ya tatu Guleid aliligusa lori. Kwanza gurudumu, kisha bati, kisha mlango wa dereva uliojaa utelezi. Alifunga kamba ya katani kwenye bampa na kuipandisha hadi juu, wakaifunga kwenye kile kisiki, ili trekta likija kutoka Garissa livute. Alicheka na kulia pamoja, maana kaka yake hakuwa shifta, na sasa alikuwa na uthibitisho. Elkanah naye alimwamini siku ile, akampa mkono.

Lakini afisa alipopelekewa habari alijibu kwamba kamba si bunduki. Trekta lingechelewa wiki mbili, na gari la kuwahamishia wafungwa mbali lilikuwa linaondoka Ijumaa. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na mtungi uliosalia na hewa ulikuwa mmoja, wa dakika arobaini.

Timiro alikuja ziwani asubuhi hiyo. Hakumkataza mwanawe. Angemkataza vipi, na mumewe yuko kizuizini? Alimshika kichwa, akamsomea, akamwambia, "Ukivutwa mara moja usijibu. Hata kama ni mwalimu. Usijibu."

"Na mwalimu atajuaje kama niko hai?"

Timiro alimkazia fundo la kamba kiunoni. Guleid akaingia majini.

Alifuata kamba ya katani kwa mkono hadi kwenye lori, akaufungua mlango, akajipenyeza ndani. Vidole vikagusa usukani. Juu ya usukani vikagusa mkono wa mtu, mifupa mitupu, na penye mkono wa juu hirizi ya ngozi aliyoijua. Alisema jina la Sugow ndani ya kipumulio. Kando ya kiti aliipata bunduki moja, akauvaa mkanda wake shingoni, na hapo ndipo kamba ya kiunoni ilipovutwa mara moja, ila haikuvuta kuelekea juu, ilivuta kuelekea ndani ya lori, upande wa abiria, pale pasipokuwa na chochote isipokuwa harufu ya uunsi iliyokuwa ikipanda na kupanda. Guleid hakujibu. Aligeuka atoke na mlango ukawa umefungwa nyuma yake. Akavuta mara tatu. Akajibiwa mara moja, kwa upole.

Juu, Elkanah alikuwa akiuliza kila dakika mbili, na kila mara alipata jibu lake, mvuto mmoja, safi. Aliangalia saa. Dakika thelathini. Arobaini. Alipouliza kwenye dakika ya arobaini na tano, akajibiwa vile vile, bila pupa, kama mtu aliyeketi barazani, nywele zilimsimama.

"Mama," alimwambia Timiro, "mtungi umekwisha. Lakini anajibu."

"Hiyo si mtoto yangu," Timiro alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Bandisha mtoto yangu. Sasa hivi."

Walivuta wote wawili. Kamba ilikuwa nzito, kisha ikawa nyepesi ghafla, na kwenye dakika ya hamsini na tano Guleid akatokea, bunduki shingoni, macho wazi. Hakukohoa. Elkanah alitazama saa ya mtungi, mshale umelala kwenye sifuri.

"Ulikuwa unapumua nini?" alinong'ona.

Guleid alimtabasamia tu. Timiro alimkumbatia na harufu ya uunsi ikamjaa puani, na alimkumbatia hivyo hivyo, kwa kuwa alikuwa mama na mwanawe alikuwa na joto.

Namba ya bunduki ilipatana na ile ya serikali, na hiyo moja ikatosha. Ijumaa Mzee Yarrow aliachiliwa, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Elkanah aliondoka siku ile ile hata chai hakunywa. Nyumba ikachinja mbuzi. Guleid aliketi kando ya baba yake, akacheka panapostahili kuchekwa, akala kidogo.

Siku ya Jumanne Timiro alikuwa jikoni, Guleid yuko zizini, mwendo wa kutupa jiwe mara mbili. Alitaka kuni. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Guleid."

"Haye, hooyo," akajibiwa, karibu sana, mlangoni.

Timiro hakugeuka. Alikaza macho kwenye moto. Mtoto aliyechapwa muhula mzima kwa kutoitika mara ya kwanza. Alingoja mpaka nyayo zikaondoka, kisha akalitaja tena jina, safari hii bila sauti, midomo tu.

"Haye, hooyo."

Aliacha chungu motoni. Alichukua birika la kutawadhia kama mtu anayekwenda haja, akapita nyuma ya zizi, kisha akakimbia. Jua lilikuwa la utosi alipofika Haro Madow. Hapakuwa na mtu. Maji yametulia, na kamba ya katani, ile iliyofungwa kwenye lori, ilikuwa bado pale kwenye kisiki cha mgunga, imelegea, nusu yake kavu.

Alichuchumaa kando yake akihema. Alijiambia amezeeka, amechoka, amelia sana mwaka huu. Alijiambia mwanawe yuko nyumbani na baba yake.

Kamba ikakaza, kisiki kikalia. Ikalegea. Timiro hakuigusa. Ikakaza tena, ikalegea, naye aliziba mdomo kwa shela yake na kungoja, akimwomba Mungu iishie hapo, iishie kwenye mbili.

Ikakaza mara ya tatu.

Ndipo Timiro alipoishika kwa mikono yote miwili, akaegemeza nyayo kwenye kisiki, akavuta huku akilia jina la mwanawe. Na nyuma yake, kwenye njia itokayo nyumbani, sauti ya Guleid ikamwita kwa upole, "Hooyo."

Iliita mara moja, ikangoja.